Jina Lako Liko Kwenye Orodha Gani?

Mto ukishavunja kingo na wewe ukahamia darasani pamoja na watoto na mbuzi wawili, afisa atakayeshuka kwenye gari la serikali hatakuuliza kwanza umepoteza nini. Atakuuliza namba ya kitambulisho. Ataitafuta kwenye karatasi alizozibana kwapani, au kwenye simu yake, na asipoiona atakuambia usubiri. Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya huyo anayeambiwa asubiri.

Wakenya wengi huamini kwamba msaada wa dharura huombwa siku ya dharura: njaa imekaza, unakwenda kwa chifu, unaeleza shida yako, unapewa. Chakula cha msaada pengine hugawiwa hivyo. Pesa taslimu ni nadra kutolewa hivyo. Pesa hufuata orodha, na orodha huandikwa wakati wa shwari, siku ile ambayo wengi waliona baraza ni kupoteza muda wakaenda zao shambani. Ukilishika hilo, mengine yote nitakayokueleza ni namna ya kulitekeleza tu.

Pesa zenyewe ni zipi

Zinazojulikana zaidi ni za Inua Jamii, ambazo mitaani huitwa "pesa za wazee" ingawa wazee si peke yao. Kuna wazee waliotimiza miaka 70 na ambao hawapokei pensheni. Kuna kaya zinazolea yatima na watoto walio katika hali ngumu. Na kuna watu wenye ulemavu mkubwa, yaani wale wanaohitaji mtu wa kuwahudumia wakati wote. Malipo ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na kwa miaka mingi yalilipwa ya miezi miwili pamoja, 4,000. Mpango wa yatima ndio mkongwe kati ya mipango hiyo mitatu. Ulianza kwa majaribio mwaka 2004 katika Kwale, Garissa na Nairobi. Shilingi 2,000 ni zilezile kwa zaidi ya miaka kumi sasa, na kila aendaye dukani anajua bei ya unga imepanda kiasi gani katika muda huo.

Mpango wa pili unajulikana kwa herufi zake, HSNP, na husimamiwa na mamlaka ya kitaifa ya ukame, NDMA. Ulianzia Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, kisha ukapanuliwa hadi Garissa, Isiolo, Samburu na Tana River. Kaya zilizo kwenye malipo ya kawaida hupata shilingi 5,400 kila baada ya miezi miwili. Lakini kinachoupa mpango huu nafasi yake katika mwongozo wa dharura ni sehemu yake ya pili, ambayo hata wanaonufaika nayo hawaielewi vizuri.

Setilaiti hupima ukijani wa malisho. Kipimo cha sasa hulinganishwa na cha miaka iliyopita katika eneo hilohilo, na wastani wa miezi mitatu hupewa alama. Alama ikishuka chini ya 20 katika kaunti ndogo, ukame huhesabiwa kuwa mkali. Ikishuka chini ya 10, umepita kiasi. Hapo kaya nyingine, ambazo siku za kawaida hazilipwi chochote, huongezwa kwenye malipo na kutumiwa fedha za mwezi, 2,700. Huna fomu ya kujaza wala mkubwa wa kumbembeleza. Ndiyo maana wengine huamka asubuhi wakakuta pesa zimeingia, wakadhani mtu amekosea namba.

Setilaiti ina upungufu wake. Mti wa mathenge, kwa mfano, hubaki kijani hata ng'ombe wakiwa wanaanguka, na mtambo ulioko angani hauwezi kuonja jani. Kubwa zaidi, setilaiti haikujui. Inajua kaunti ndogo yako tu. Wa kulipwa ni nani? Wanatoka kwenye daftari lililoandikwa miaka kadhaa kabla. Awamu ya pili ya mpango huo, iliyoanza 2013, ilikusudia kuandikisha karibu kila kaya katika zile kaunti nne za mwanzo na kuifungulia akaunti ya benki, ili ukame ukija njia ya pesa iwe tayari. Waliokuwa hawana kitambulisho hawakuweza kufunguliwa akaunti. Ukame ulipokuja, setilaiti iliona ukavu wao sawasawa na wa majirani zao, ila pesa hazikuwa na mahali pa kutua.

Aina ya tatu ni pesa za papo kwa hapo, zinazotangazwa mkasa ukishatokea. Wakati wa Korona, kati ya Aprili na Novemba 2020, serikali ilituma shilingi 1,000 kwa wiki kwa kaya zilizochaguliwa katika mitaa ya mabanda. Mei 2024, baada ya mafuriko, familia zilizohamishwa kandokando ya mito Nairobi ziliahidiwa shilingi 10,000 kila moja. Pesa za namna hii ndizo zenye vurugu kuliko zote, maana orodha huandikwa haraka na wazee wa mtaa na viongozi wa nyumba kumi. Shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti 2021 kuhusu zile za Korona, likieleza jinsi waliostahili walivyoachwa na wenye kujuana wakaingizwa. Kwa pesa kama hizi ushauri wangu ni mfupi: mjue mzee wako wa mtaa, naye akujue kwa jina na kwa nyumba, kabla mvua haijaanza. Mpangaji aliyehamia juzi na hamsalimii mtu ndiye husahauliwa wa kwanza.

Kitambulisho kwanza

Bila kitambulisho cha taifa hakuna orodha itakayokubeba, basi. Kijana akifika miaka 18 apelekwe mara moja. Kungoja mwaka wa uchaguzi ndipo foleni zianze ni kujitafutia tabu. Watoto wawe na vyeti vya kuzaliwa, hasa mayatima, kwa sababu mlezi asiye na vyeti vyao huonekana kama anawaazima watoto wa watu. Aliyepoteza kitambulisho apige ripoti polisi, apewe hati, aombe kingine leo.

Halafu kuna jambo dogo linalowaangusha wengi: herufi. Kwenye kitambulisho ni Hadija, kwenye laini ya simu ni Khadija, kwenye daftari la chifu ni Mama Salim. Binadamu anajua huyu ni mtu mmoja. Kompyuta inahesabu watatu na kumkataa kila mmoja. Kaa chini na kitambulisho mkononi, hakikisha kila mahali umeandikwa hivyohivyo, nukta kwa nukta.

Na mwaka wa kuzaliwa. Wazee wengi wa pwani na wa bara walikadiriwa umri na karani aliyewatazama usoni. Mtu aliyeona mengi kabla ya uhuru anaweza kuwa na kitambulisho kinachosema ana miaka 66. Kurekebisha kunawezekana, ila kunadai ushahidi na miezi ya kwenda na kurudi, kwa hiyo usingoje afike kwenye dirisha la malipo ndipo ugundue.

Onyo moja kabla sijaliacha hili. Katika Garissa, Wajir na Mandera wako raia wa Kenya ambao, miaka ya njaa, waliandikishwa kwenye kambi za wakimbizi za Dadaab ili wapate chakula. Wengine walikuwa watoto waliobebwa na mama zao. Walipokua na kwenda kuomba kitambulisho, mashine ilisoma alama za vidole vyao ikasema: mkimbizi. Wamezungushwa kwa miaka. Shida isikusukume kuandikishwa kwa hali ambayo si yako. Orodha ya leo inaweza kuja kukudai kesho.

Siku ya kuandikishwa

Uandikishaji hutangazwa barazani na kwa chifu, na mara nyingine maafisa hupita nyumba kwa nyumba wakikusanya taarifa za rejista ya pamoja ya kitaifa. Hautozwi hata senti. Anayekuambia tuma 500 "ya fomu" au "ya kuharakisha" ni tapeli, hata akiwa amevaa kitambulisho cha kazi shingoni.

Watakuuliza paa ni la nini, ukuta ni wa nini, choo kiko wapi, mifugo mingapi, mlikula mara ngapi jana. Hapa ndipo heshima zetu hutuponza. Babu yangu aliposikia wageni wa serikali wanakuja, aliazima viti vinne kwa jirani, na zulia, na birika la chai lenye maua. Alipoulizwa wanakula mara ngapi kwa siku, alijibu kwa sauti kubwa, "Mara tatu, alhamdulillahi." Nyanya alikuwa jikoni akichemsha uji wa mchana ambao ndio ungekuwa pia wa usiku. Afisa aliandika alichokiona: viti vinne, zulia, milo mitatu. Miezi ilipopita na majina yakasomwa, babu alikasirika kwa nini jina lake halikutajwa, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha habari za zulia.

Basi siku hiyo nyumba iwe kama ilivyo. Usiongeze wala usipunguze. Ukificha ng'ombe, majirani watakaa barazani na kusema wazi kwamba ng'ombe wako. Majina husomwa hadharani kwa makusudi hayo, na ukiwa na pingamizi ndiyo siku ya kuitoa. Hakikisha wanahesabu kila anayelala hapo, pamoja na mtoto mchanga na mgonjwa aliyeko chumbani. Uliza jina la aliyekuandikisha, andika tarehe, na kama kuna namba ya usajili, inakili nyuma ya mlango kwa chaki ikibidi.

Kwa mwenye ulemavu, tangulia kwenye tathmini ya hospitali ya serikali na usajili wa Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu. Ulemavu unaoonekana kwa macho bado hudaiwa karatasi. Ni kero, naijua, ila ipunguze kwa kuimaliza mapema.

Mzee au mgonjwa asiyeweza kutoka ana haki ya kuwa na mlezi wa kumpokelea, aliyeandikishwa rasmi. Chagua kwa akili. Mjukuu mwenye simu nzuri si lazima awe ndiye mwenye mkono safi.

Siku ya malipo

Njia za kulipa zimebadilika mara nyingi: benki, wakala wa benki, na hivi karibuni serikali imekuwa ikizihamishia fedha hizi kwenye simu. Uliza ofisini njia inayotumika sasa kwa kundi lako, usitegemee ya mwaka juzi. Ikiwa ni ya simu, laini iwe imesajiliwa kwa kitambulisho chako mwenyewe. Laini ya mkwe ikipotea, au mkwe akipotea, pesa nazo zinapotea.

Nilimsindikiza nyanya mara moja kwa wakala, katika kituo kidogo cha biashara karibu na Garsen. Duka lilikuwa la sabuni, mafuta na betri, na kile kijimashine cha alama za vidole kilikaa juu ya gunia la mchele. Nyanya aliweka kidole gumba. Mashine ikakataa. Akaweka cha shahada, ikakataa. Mikono iliyopanda mpunga na kuosha vyombo vya watu kwa miaka hamsini haibaki na mistari. Wakala, kijana mpole kwa sura, akampa kitambaa chenye maji afute, akamwambia apulizie pumzi, ajaribu cha mkono wa kushoto. Kikasoma. Akahesabu noti, akampa nyanya, nyanya akazitia kwenye fundo la leso bila kuhesabu. Nikaomba kuziona. Zilipungua mia mbili. "Hiyo ni ya kazi ya mashine, kila mtu anatoa," alisema, wala hakuona haya. Nikamwomba aniandikie risiti ya hizo mia mbili. Akanitazama, akazirudisha. Nyuma yetu kulikuwa na foleni ya akina mama wapatao thelathini.

Kutokana na siku hiyo nimejifunza mambo matatu ninayomwambia kila mtu. Jua kabla hujatoka nyumbani unadai kiasi gani. Kama ni 4,000, ni 4,000. Hesabu palepale, mbele ya wakala, hata kama foleni inanung'unika. Na omba risiti, kwa sababu neno risiti lina nguvu kuliko kelele. Kidole kikikataa kabisa, usikubali kuondoka na "rudi wiki ijayo". Omba tatizo liandikwe kwa jina lako na liripotiwe, ili isije ikahesabiwa kwamba hukuja kuchukua. Pesa zisizochukuliwa kwa muda mrefu humfanya mtu asimamishwe.

Namba ya siri usimpe mtu. Sitarudia.

Mnufaika akifariki, familia itoe taarifa kwa chifu. Najua kishawishi kilivyo, hasa arobaini haijapita na madeni ya mazishi yapo. Lakini pesa zilizochukuliwa kwa jina la marehemu zikigunduliwa, ni kesi, na familia hutiwa doa katika kila uandikishaji unaofuata.

Ukikosa, andika

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na ndipo ningependa ukaze. Anza kwa chifu na kamati ya wanufaika ya eneo lako. Wasipokusaidia, nenda kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo, au ofisi ya watoto kama ni suala la yatima. Kwa Inua Jamii kuna namba ya kupiga bila malipo, 1533. Ukipiga, andika siku, saa na jina la aliyepokea.

Lakini malalamiko ya mdomo hukauka kabla ya mate. Ibara ya 43 ya Katiba inasema serikali itawapa hifadhi ya jamii wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea, na ibara ya 47 inakupa haki ya kuelezwa kwa maandishi sababu ya uamuzi uliokuumiza. Kisha kuna Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo kwa maoni yangu ndiyo silaha isiyotumika kuliko zote. Ombi chini ya sheria hiyo unaweza kuliandika kwa Kiswahili. Hulipii kuliwasilisha. Usiyejua kuandika, ofisi inalazimika kukusaidia. Na wana siku 21 za kujibu. Kama jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Barua haihitaji wakili. Iandike hivi:

"Kwa Afisa wa Maendeleo ya Jamii, Kaunti Ndogo ya ……. Mimi ni ……, kitambulisho namba ……, mkaazi wa kijiji cha ……. Niliandikishwa tarehe …… na ……. Kwa mujibu wa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, naomba kujua kama jina langu limo katika orodha ya mpango wa ……. Kama halimo, naomba kuelezwa sababu. Kama limo, naomba kujua malipo yangu ya mwisho yalitumwa lini, kiasi gani, na kwa njia gani. Naomba jibu kwa maandishi."

Toa nakala mbili. Moja iache, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Siku zikipita kimya, nakala hiyo yenye muhuri ndiyo utakayoipeleka kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, ambayo kazi yake ni kushughulikia ofisi za umma zinazonyamaza. Kama umeombwa hongo au pesa zimekatwa, tume ya maadili na kupambana na ufisadi ina namba ya bure, 1551.

Dharura isiyongoja orodha

Ugonjwa hauna awamu ya usajili. Mgonjwa akiruhusiwa kutoka hospitali ya serikali na bili ikamzuia, usianze kwa kuuza mbuzi. Omba kuonana na afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali hiyo. Atakuhoji hali yako na anaweza kupeleka ombi kwa kamati ya msamaha wa ada, upunguziwe au usamehewe. Barua ya chifu inayothibitisha hali ya familia husaidia sana, kwa hiyo mtu mmoja aifuate mapema huku mwingine amekaa na mgonjwa. Usitegemee kukuta tangazo la huduma hii mlangoni mwa hospitali.

Na chakula cha msaada hupitia kwa chifu na naibu kamishna wa kaunti. Huko hakuna siri nyingine: uwepo, ujulikane, uulize mapema.

Sitakudanganya kwamba hizi fedha zinatosha. Elfu mbili kwa mwezi ni shilingi sitini na kitu kwa siku. Haimtoi mtu kwenye ufukara, na malipo yakichelewa, kama yanavyochelewa mara kwa mara, hata mkopo wa dukani hukatwa. Lakini nimeona nyumba ambayo fundo moja la leso lilizuia mtoto asiondolewe shule, na sioni sababu ya kumwachia wakala mia mbili zake.

Wiki hii toa nakala mbili za kitambulisho chako na uende kwa chifu uulize jina lako liko kwenye orodha gani. Ukiwa njiani, mpitie yule jirani mzee asiyejua kusoma, mwende pamoja.